Simu Kwenye TV Bila Bando: Njia Nne za Kuunganisha, na Jinsi ya Kuficha Salio Lako

Video ya harusi imefika kwenye simu yako. Jamaa wote wako sebuleni, nyanya ameshavaa miwani, lakini kioo cha simu ni kidogo na kila mtu anataka kuona. TV iko palepale mezani. Shida ni moja: bando limeisha, na huku Wusi mtandao wenyewe huja na kupotea kutegemea umesimama upande gani wa kilima. Wengi hapo hukata tamaa na kusema, "Bila intaneti haiwezekani."

Inawezekana. Simu na TV zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe bila kula hata MB moja. Na si harusi tu. Kuna mtoto wa sekondari mwenye video za masomo kwenye simu ya mama, kuna chama kinachotaka wanachama wote waone picha za shamba la mradi, kuna kanisa lenye nyimbo za kujifunzia.

Sisi kazi yetu ni pesa kwa simu, kwa hiyo tuna sababu mbili za kuandika haya. Ya kwanza, watu hulipia adapta ambazo haziwezi kufanya kazi na simu zao, halafu pesa hairudi. Ya pili, simu ikionekana kwenye TV, kila kitu kilichomo kinaweza kuonekana, pamoja na salio na deni lako. Tuyachukue hatua kwa hatua.

Wi-Fi si intaneti

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, basi tuanze hapa. Intaneti ni njia ndefu: kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mnara, kutoka mnara hadi kwenye mitambo ya mbali, kisha kurudi. Ndiyo unayolipia bando. Katika milima ya Taita njia hiyo hukatika kwa urahisi, kwa sababu kilima kikikaa kati yako na mnara, mawimbi hayapiti vizuri. Aliye juu kwenye mgongo wa mlima anapata 4G, aliye bondeni hatua mia chache chini anahangaika kupata hata ya kupiga simu.

Wi-Fi ni kitu kingine. Ni redio ndogo iliyo ndani ya simu na ndani ya TV nyingi za kisasa, inayofika umbali wa chumba au nyumba. Ukimwita jirani wa ng'ambo ya bonde na akakusikia, sauti yako haikupitia Voi kwanza. Ndivyo simu na TV zinavyofanya: zinaitana moja kwa moja. Kwa hiyo unaweza kuzima data kabisa, ukawasha Wi-Fi, na picha ikaruka kutoka kwenye simu hadi kwenye TV bila gharama yoyote.

Jambo moja tuliweke wazi: bila intaneti, simu itaonyesha kile tu kilichohifadhiwa ndani yake. Video, picha, nyimbo na hati ulizonazo, sawa. Mechi ya moja kwa moja au video ya YouTube ambayo hujaipakua, hapana. Na ukifikiria kutazama filamu kwa data ya simu, kumbuka kwamba Netflix wenyewe huwaambia wateja wao kuwa saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3.

Kabla ya kutoa shilingi, angalia vitu viwili

Geuza TV yako uangalie nyuma na pembeni. Tafuta matundu haya:

- USB: tundu dogo la mstatili, lile linaloingia flashi.
- HDMI: pana kidogo, limebanwa upande wa chini, na mara nyingi limeandikwa HDMI.
- AV: matundu matatu ya mviringo, njano, nyeupe na nyekundu. TV za zamani nyingi zina haya tu.

Kama TV yako ni ya zamani lakini una king'amuzi, kiangalie pia. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, vingi vya ving'amuzi vilivyouzwa vina tundu la USB, na baadhi huweza kucheza video kutoka kwenye flashi.

Halafu angalia tundu la kuchajia simu yako. Likiwa la mviringo pande zote, na chaja inaingia upande wowote, hilo ni USB-C. Likiwa na upande wa juu na wa chini, chaja inaingia upande mmoja tu, hilo ni la zamani, micro-USB. Tofauti hii itakuokoa pesa tukifika njia ya tatu.

Njia ya kwanza: flashi

Hii ndiyo rahisi, ya bei nafuu, na salama kuliko zote. Unahitaji flashi na kiunganishi kidogo kinachoitwa OTG, ambacho kichwa kimoja kinaingia kwenye simu na kingine kinapokea flashi. Zipo pia flashi zenye vichwa viwili, kimoja cha simu na kimoja cha TV.

1. Chomeka OTG na flashi kwenye simu. Simu nyingi zitaitambua zenyewe. Nyingine zinataka uwashe OTG kwenye mipangilio.
2. Fungua programu ya faili. Video za WhatsApp huwa kwenye folda inayoitwa WhatsApp Video.
3. Shikilia video unayotaka, chagua kunakili, kisha ibandike kwenye flashi.
4. Toa flashi kwa utaratibu, ichomeke kwenye TV, bonyeza Source au Input kwenye rimoti na uchague USB.

Mambo mawili huwasumbua watu hapa. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Filamu kubwa itakataa kuingia hata kama flashi ina nafasi. La pili, TV ikisema haiwezi kusoma faili, mara nyingi flashi haina tatizo. Video za MP4 za aina ya kawaida, H.264, huchezwa na karibu kila TV. Lakini simu mpya huweza kurekodi kwa H.265, ambayo TV nyingi za zamani haziielewi. Ukitaka kurekodi sherehe ambayo baadaye itatazamwa kwenye TV, ingia kwenye mipangilio ya kamera kwanza na uchague H.264.

Je, unaweza kuchomeka simu yenyewe kwenye USB ya TV kwa waya ya chaja? Jaribu, haigharimu kitu: ukichomeka, chagua kuhamisha faili au picha kwenye simu. TV chache zitaisoma kama flashi. Nyingi zitaichaji tu.

Njia ya pili: kurusha skrini bila waya

Kama TV yako ni smart TV, huenda tayari ina Miracast. Huu ni mfumo uliotolewa mwaka 2012 na muungano wa makampuni ya Wi-Fi, na ulitengenezwa makusudi ili vifaa viwili viunganike bila ruta na bila intaneti.

1. Kwenye TV, tafuta sehemu ya kupokea skrini. Jina hubadilika: Screen Mirroring kwa Samsung, Screen Share kwa LG, Anyview Cast kwa Hisense, na kwingine Miracast au Wireless Display.
2. Kwenye simu, zima data, washa Wi-Fi. Usijali ikiandika kwamba hakuna mtandao uliounganishwa.
3. Vuta menyu ya juu ya simu. Samsung utaona Smart View. Simu nyingine huandika Cast, Screen Cast au Wireless Display. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, huenda ukaona neno Tuma.
4. Subiri jina la TV litokee, lichague, kisha kubali kwa rimoti ya TV.

TV nyingine huonyesha nambari za siri na kutaka uzijaze kwenye simu. Hiyo ni ya kuunganisha vifaa tu, unaisoma kwenye TV yenyewe. PIN yako ya pesa haihusiki hapa hata kidogo. Hakuna TV, adapta wala programu ya kurusha picha inayohitaji PIN ya pesa zako. Ukiombwa, simama hapo hapo.

Si kila simu ina Miracast. iPhone haina, inatumia AirPlay, kwa hiyo inahitaji TV inayokubali AirPlay. Google Pixel hutumia Google Cast, ambayo kwa kawaida hutaka simu na TV ziwe kwenye Wi-Fi moja.

Njia ya tatu: waya ya HDMI

Waya haina longolongo: picha ni safi na haikwami. Lakini hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Adapta ya USB-C kwenda HDMI hufanya kazi tu kama tundu la simu yako linaweza kutoa picha. Tundu kuwa la USB-C si hakikisho. Simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na Itel, na nyingi za Samsung za mfululizo wa A, zina USB-C inayochaji na kuhamisha faili lakini haitoi picha. Ukichomeka adapta, TV inabaki nyeusi, na wewe unadhani adapta ni mbovu. Si mbovu. Simu haina uwezo huo, na hakuna programu ya kuipa.

Simu zinazotoa picha ni kama Samsung za mfululizo wa S kuanzia S8, iPhone kuanzia 15, na Pixel kuanzia 8. iPhone za kabla ya hapo zina tundu la Lightning na zina adapta yake. Kwa simu nyingine, tafuta maelezo ya simu yako uone kama yametaja DisplayPort au video kupitia USB-C. Yasipotaja, chukulia kwamba haiwezi. Na kama tundu lako ni micro-USB, usinunue adapta ya HDMI kabla ya kuiona ikifanya kazi kwenye simu yako mwenyewe.

Kama TV ina AV tu, kuna kisanduku cha kubadilisha HDMI kuwa AV. Hakikisha unanunua kinachotoka HDMI kwenda AV, si kinyume chake. Vinafanana sana, na havibadilishani kazi.

Njia ya nne: kidude cha kuchomeka kwenye HDMI

TV yako si smart lakini ina HDMI? Kuna vifaa vidogo kama AnyCast vinavyochomekwa kwenye HDMI na kupata umeme kwa USB. Vinaipa TV ya kawaida uwezo wa Miracast, bila intaneti. Hii mara nyingi ndiyo njia ya mwenye simu ya bei nafuu, maana haihitaji tundu la simu litoe picha. Inahitaji simu yenye Miracast tu. Kwa hiyo kabla ya kununua, hakikisha simu yako ina Smart View, Screen Cast au Wireless Display.

Kama unatumia TV ya sola, soma kwanza inatoa umeme kiasi gani kwenye USB yake. Umeme ukiwa mdogo, kidude kitawaka na kuzima.

Onyo la hotspot: watu wengine huunganisha smart TV na hotspot ya simu ili tu vifaa vionane. Ukifanya hivyo, hakikisha data imezimwa. TV ikipata intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake kimya kimya, na bando la wiki likaisha kabla wali haujaiva.

Kabla ya picha kuruka, ficha pesa zako

Tuseme chama kimekutana, skrini ya simu yako iko kwenye TV, kina mama ishirini wanatazama video ya mradi wa kuku. Ghafla juu ya picha unapita ujumbe: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa. Au mbaya zaidi, ujumbe wa Fuliza unaokukumbusha deni. Ndani ya sekunde tatu, kijiji kimejua habari zako. Hakuna mwizi hapo. Lakini kesho kuna atakayekuja kukopa, na kuna atakayesema una pesa na hukutoa mchango.

Kujikinga ni rahisi:

- Washa hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake. Miracast itaendelea kufanya kazi, lakini hakuna ujumbe wala simu itakayoingia. Ujumbe wa pesa haupotei. Utaufikia ukishazima hali hiyo.
- Kama unasubiri simu muhimu, tumia angalau Usinisumbue, na uzime arifa zisionyeshe maneno ya ujumbe.
- Usifanye muamala wowote skrini ikiwa kwenye TV. PIN yenyewe huenda ikaonekana kama vitone, lakini kibodi za simu nyingi hukuza kila herufi au nambari unayogusa. Kwenye TV ya inchi 32, hata mtoto ataisoma.
- Programu za benki nyingi huifanya skrini kuwa nyeusi zikirushwa kwenye TV. SMS hazifanyi hivyo. Usidhani kila kitu kimelindwa.
- Ukimaliza, kata muunganisho kwenye simu, si kuzima TV tu.

Kama unataka kuonyesha hesabu za chama, usifungue SMS mbele ya watu. Piga picha ya daftari au ya ukurasa unaohusika, uiweke kwenye flashi. Flashi inaonyesha ulichochagua tu. Ndiyo maana tunasema ni salama kuliko zote.

Kununua bila kujuta

Kutoka Wusi kushuka Mwatate, au kuendelea hadi Voi, ni nauli ya kwenda na kurudi. Adapta isiyofanya kazi inakugharimu mara mbili. Basi:

- Nenda na simu yako. Omba ijaribiwe kwenye TV ya dukani kabla ya kulipa. Muuzaji wa kweli hatakasirika.
- Lipa kwa nambari ya till ya duka, na usome jina linalotokea. Jina likiwa tofauti na la duka, uliza kwanza.
- Hifadhi ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako ukirudisha bidhaa.
- Kwa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, usitume pesa yote kabla ya kuona mzigo. Picha nzuri ya adapta kila mtu anaweza kuiweka.
- Ukikosea nambari, usisubiri kesho. Kwa M-PESA, sambaza ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni vigumu.

Kuhusu programu: kurusha skrini kwa Miracast hakuhitaji programu yoyote mpya, kwa sababu uwezo uko ndani ya simu tayari. Programu ya kurusha picha ikiomba ruhusa ya kusoma SMS zako, ikatae na uiondoe. Haina kazi na SMS. Na usipakue faili za programu zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp.

TV ya sebuleni ni tofauti na mtu usiyemjua

Kuonyesha skrini kwenye TV yako unaona nani anatazama. Lakini kuna kuonyesha skrini kwa njia ya intaneti, na hapo hujui. WhatsApp iliongeza uwezo wa kuonyesha skrini wakati wa simu ya video mwaka 2023, na kuna programu kama AnyDesk na TeamViewer ambazo fundi wa kweli huzitumia kusaidia mtu aliye mbali. Walaghai nao wanazipenda. Mtu anapiga, anasema ni wa huduma kwa wateja, anataka "kukusaidia kuunganisha TV" au "kurekebisha laini", kisha anakuomba uonyeshe skrini. Akishaona, anasoma salio na nambari za siri zinazoingia kwa SMS.

Jibu ni moja tu: kata simu. Mzee akikuuliza, mwambie hivyo hivyo, na umwambie na mama mkwe pia.

Kwa ufupi

TV ina USB na unataka amani: tumia flashi. TV ni smart na simu ina Miracast: rusha bila waya. TV si smart lakini ina HDMI: tafuta kidude cha Miracast. Simu yako inatoa picha kwa USB-C: waya ya HDMI ndiyo bora. Kwa njia yoyote inayoonyesha skrini nzima, hali ya ndegeni kwanza, Wi-Fi baadaye, video mwisho. Bando libaki la kazi nyingine, na salio lako libaki siri yako.